Kompyuta Inapokataa Kutoka Dokini

(Haya ni maneno ya somo lililosemwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Msimamizi wa darasa asome kwanza kwa sauti, polepole. Kisha wanafunzi wasome wenyewe, fungu kwa fungu, na mwisho wajibu maswali.)

Mimi mwalimu wenu nazungumza nanyi kutoka Runzewe, wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita.

Juma lililopita tulisoma maneno yaliyoandikwa juu ya mfuko wa mbolea. Tuliona kwamba mtu asiyeyasoma maneno yale aweza kuweka mbolea mahali pasipofaa, akaunguza mimea yake mwenyewe. Leo tutasoma alama za chombo cha ofisini. Nataka kuzungumza nanyi juu ya kompyuta mpakato iliyokwama mahali ilipopachikwa, ikakataa kutoka.

Labda mmoja wenu atasema: "Mimi ni mkulima wa pamba. Mimi nachimba dhahabu. Kompyuta ya ofisini yanihusu nini?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Jina lako limo ndani ya kompyuta ile. Mkulima anayeandikishwa apate mbolea ya ruzuku, jina lake limo. Mama anayeweka akiba katika chama, hesabu yake imo. Nanyi wanafunzi wa madarasa haya, majina yenu yamo pia. Chombo kile kikiharibiwa na mtu mwenye haraka, hasara haimfikii yeye peke yake. Mimi nalijua jambo hili, maana mtu huyo mwenye haraka siku moja nilikuwa mimi.

DOKI NI KITU GANI?

Kwanza tujue majina ya vitu. Kompyuta mpakato ni ile kompyuta inayokunjwa kama kitabu na kuchukuliwa mkononi. Watu wengi huiita laptopu. Ni nyepesi, na uzuri wake ni kwamba mtu aweza kwenda nayo kijijini. Lakini skrini yake ni ndogo, na matundu yake ya kuchomekea vitu ni machache. Kwa hiyo mtu afanyaye kazi nayo mezani kutwa nzima huchoka.

Basi mafundi walitengeneza chombo cha kukaa mezani daima. Ni chombo bapa, mfano wa sinia dogo. Waya zote zimechomekwa nyuma yake: waya ya umeme, waya ya skrini kubwa, waya ya mashine ya kuchapa na waya ya intaneti. Unapoiweka kompyuta juu yake, meno ya chombo hicho huingia katika tundu lililo chini ya tumbo la kompyuta, na kulabu huikamata isiteleze. Mara moja kompyuta inapata vitu vyote. Jioni unaitoa, unakwenda nayo, na waya zinabaki mezani zikikungoja.

Chombo hicho maofisini huitwa doki. Neno hili limetoka bandarini. Doki ni mahali meli inapotia nanga na kufungwa kamba. Sisi huku hatuna bahari, lakini tuna Ziwa Viktoria. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, wengi wetu tulivuka pale kwa kivuko tulipokwenda Mwanza. Mtakumbuka kwamba kivuko hakikung'oka tu pale ukingoni. Magari yaliingia, mlango ukainuliwa, kila kitu kikawa tayari, ndipo kikaondoka. Kompyuta nayo ina taratibu zake za kuondoka. Asiyezifuata hukwama.

YALIYONIPATA

Sasa nitawaambieni yaliyonipata. Nilikuwa katika ofisi moja hapa kwetu. Jina la ofisi si muhimu, kwa sababu kosa halikuwa la ofisi. Lilikuwa langu.

Siku ile nilitakiwa kwenda kijijini kuandikisha watu wa kufanya jaribio la kusoma na kuandika. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha kujiandikisha, na majina yao yalikuwa katika orodha moja. Orodha hiyo niliiweka ndani ya flashi, yaani kile kijiti kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu, na flashi nilikuwa nimeichomeka ubavuni mwa doki. Nakala nyingine sikuwa nayo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Gari lilikuwa nje likinguruma. Mawingu ya mvua yalikuwa yamekusanyika, na ninyi mnaijua barabara yetu ya udongo wakati wa mvua. Dereva alipiga honi mara mbili. Nikabonyeza kitufe cha kutolea kompyuta. Haikutoka. Nikabonyeza tena. Haikutoka. Nikaishika kwa mkono mmoja upande wa kulia, nikaivuta juu kwa nguvu. Nikasikia "ka!" Upande mmoja ukainuka, wa pili ukabaki umeshikwa. Skrini ikawa nyeusi.

Wakati huo aliingia mama mmoja anayefanya usafi pale ofisini. Ni mwanafunzi wa darasa letu la jioni, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kitabu cha pili. Akaniamkia, "Mwangaluka, mwalimu." Mimi hata sikuitikia vizuri, maana jasho lilikuwa likinitoka. Akaweka ndoo chini, akatazama. Kisha akasema polepole, "Samahani, mwalimu. Hapa ubavuni pana tundu la ufunguo, na pembeni yake wamechora kufuli. Kufuli mbili. Moja imefungwa, moja iko wazi. Huu mstari unatazama ile iliyofungwa."

Nikainama nikatazama. Ni kweli. Doki ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Aliyeitumia kompyuta jana yake aliifunga ili isiibiwe usiku, na ufunguo ulikuwa umening'inia ukutani, hatua mbili kutoka mahali niliposimama. Nikauzungusha ufunguo, nikabonyeza kitufe, nikainua kwa mikono miwili. Kompyuta ikatoka bila shida yoyote.

Lakini yalikuwa yamekwisha kuharibika. Ncha ya kulabu moja ilikuwa imevunjika. Hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba nilipovuta, flashi ilikuwa bado inaandikwa. Taa yake ilikuwa ikimemeta, nami sikuitazama. Orodha ilikatika katikati. Tulipoifungua, tuliyapata majina ishirini na manne tu. Kumi na saba yalikuwa yamepotea.

Nilipanda pikipiki siku tatu, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu wale. Kumi na sita niliwapata. Wa kumi na saba, mama mmoja wa makamo, alikuwa amekwenda Kahama kumwuguza dada yake. Aliporudi, uandikishaji ulikuwa umefungwa. Alingoja jaribio la mwaka uliofuata. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimeandika jina langu mwenyewe." Neno lile sijalisahau mpaka leo, na ndiyo sababu ya somo hili.

MFANO WA LORI NA TELA

Sasa tujifunze. Kwa nini kompyuta hukataa kutoka? Tutumie mfano tunaoujua wote hapa Runzewe. Barabara kuu itokayo Isaka na Kahama inapita kwetu, na malori yanapita usiku na mchana yakienda Rwanda na Burundi. Mmemwona dereva anavyotenganisha kichwa cha lori na tela lake. Je, huingia garini akakanyaga mafuta tu? La, hasha. Kwanza huegesha mahali pagumu. Huteremsha miguu ya tela ili lisianguke. Huchomoa mipira ya upepo wa breki na waya ya taa. Kisha huvuta mpini unaoachia pini kubwa. Ndipo anaposogeza kichwa mbele polepole. Akisahau mipira ya upepo, itakatika. Akisahau mpini, kichwa hakitoki, hata injini ingurume namna gani.

Kompyuta na doki ni kichwa na tela. Vimeunganishwa kwa namna tatu. Vinaunganishwa kwa kulabu na kufuli. Vinaunganishwa kwa kazi, maana huenda kuna maandishi yanayopita kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Tena vinaunganishwa kwa amri, maana kompyuta nyingine hutaka kuambiwa kwanza, "Sasa nakutoa." Ikikataa kutoka, ujue moja kati ya hizo tatu bado haijafunguliwa. Kazi yako ni kutafuta ni ipi.

Nitaeleza moja moja.

La kwanza ni kufuli. Doki nyingi za maofisini zina mahali pa ufunguo, kwa sababu kompyuta ni mali inayoibika upesi. Ufunguo ukiwa upande wa kufungwa, kulabu haziachii, hata ikiwa kompyuta imezimwa kabisa. Ofisi nyingine hutumia waya nene ya chuma yenye kufuli mwishoni. Kwa doki za namna fulani, kufuli hiyo ikichomekwa huzuia kitufe kisiweze kufanya kazi. Basi tazama ubavuni na nyuma. Tafuta picha ya kufuli, tafuta na waya ya chuma.

La pili ni kazi isiyokwisha. Kompyuta ikiwa bado inaandika juu ya flashi au diski iliyochomekwa kwenye doki, au ikiwa faili lililomo humo bado limefunguliwa, aghalabu itakuambia kwamba kuna kitu kinatumika. Haikufanyii ukaidi. Inakulinda. Ni sawa na mtu aliye chini ya duara anayefunga kiroba cha mawe kwenye kamba. Aliye juu akivuta kabla mwenzake hajatoa mkono, ataumiza mkono wa mwenzake. Yafaa angoje.

La tatu ni amri na ruhusa. Katika kompyuta zilizotumia Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, na Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliyokaa dokini ilionyesha katika orodha ya kuanzia neno la amri ya kujitoa. Neno hilo ni la Kiingereza nalo huandikwa hivi: U-N-D-O-C-K, Undock. Liandikeni katika madaftari yenu, maana laweza kuonekana bado katika kompyuta za zamani na katika vitufe vya baadhi ya doki. Ukilibonyeza, kompyuta humaliza kazi yake, huachana na vitu vya dokini kwa utaratibu, kisha hukuambia kwamba sasa waweza kuitoa. Lakini msimamizi wa kompyuta za ofisi aweza kuweka sharti kwamba ni watu fulani tu wenye ruhusa ya kutoa amri ile. Ukiwa huna ruhusa, amri itakataa. Hapo tatizo si la chuma wala la kulabu. Nenda kwa msimamizi ukamwombe.

Kuna na sababu ya nne ndogo, nayo twaijua vizuri sisi watu wa huku. Ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali, hata ndani ya sanduku lililofungwa. Likijaa penye kitufe na kulabu, kitufe huzama nusu tu. Wewe wadhani umekibonyeza, kumbe kulabu haijarudi nyuma.

CHOMBO HIKI KINA HISTORIA

Msidhani kwamba ni ninyi tu mnaopata taabu hii. Mafundi wa nchi kubwa wameihangaikia kwa miaka mingi. Mwaka 1992 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo iliyoitwa PowerBook Duo. Doki yake kubwa ilikuwa kama sanduku lenye mdomo mbele. Ulikunja kompyuta, ukaisukuma mdomoni, na mota ikaimeza yote mpaka ndani, kama mashine ya video ilivyokuwa ikimeza kanda. Ulipotaka kuitoa ulitoa amri, na sanduku likaitema.

Mwaka 2015 kampuni ya Microsoft ilitoa kompyuta iliyoitwa Surface Book. Skrini yake iliweza kung'olewa kutoka kwenye kibao cha herufi. Ndani yake mliwekwa waya za madini ya namna ya pekee. Zikipashwa moto kidogo kwa umeme hujikunja, na kwa kujikunja huvuta kulabu, skrini ikaachiwa. Lakini sikilizeni jambo hili. Betri ikiwa karibu kwisha, ilikataa kuachia. Tena kama kulikuwa na programu inayotumia kifaa cha picha kilichomo ndani ya kibao, ilikataa vile vile, ikamtaka mtu aifunge programu ile kwanza. Waliofikiri wameuziwa kitu kibovu walihitaji tu kuchaji, au kufunga programu.

Siku hizi doki nyingi mpya hazina kulabu kabisa. Huunganishwa na kompyuta kwa waya moja tu, yenye kichwa kidogo cha mviringo bapa. Hizo hazikwami kama za zamani. Lakini msidanganyike. Flashi au diski iliyo dokini bado inaweza kuwa inaandikwa, na ukichomoa waya ile ghafula, utapoteza maandishi kama nilivyopoteza mimi. Kulabu zimeondoka, lakini kazi ya kuaga imebaki.

FANYENI HIVI

Haya ndiyo mafundisho yenyewe. Yaandikeni kwa namba.

Moja. Ikikataa, ondoa mikono. Hesabu mpaka kumi. Kama gari linangoja, liache lingoje.

Mbili. Hifadhi kazi uliyokuwa ukiandika. Funga mafaili yote na programu zote.

Tatu. Tazama kila kitu kilichochomekwa dokini. Kama kuna flashi au diski, iambie kompyuta kwamba unataka kuitoa, ungoje mpaka ijibu kwamba ni salama. Kama ina taa, tazama taa pia. Ikiwa inamemeta, kazi haijaisha. Ikiisha, ichomoe.

Nne. Tafuta alama ya kufuli ubavuni na nyuma ya doki. Kama imefungwa, tafuta ufunguo wake, ifungue. Usitie kisu wala msumari katika tundu la ufunguo.

Tano. Kama kompyuta yako ina amri ya kujitoa, itoe. Kama doki ina kitufe cha kuomba, kibonyeze mara moja, ungoje taa au maneno yakupe ruhusa. Soma maneno yale mpaka mwisho. Usibonyeze "sawa" kabla hujayasoma.

Sita. Kama imekataa bado, zima kompyuta kabisa. Kukunja si kuzima. Ikikunjwa, kompyuta nyingi hulala tu, na ndani bado iko macho. Ngoja mpaka taa zote za kompyuta zimezimika. Kompyuta iliyozimwa haina kazi inayoendelea, kwa hiyo kinachobaki ni kulabu na kufuli tu.

Saba. Bonyeza kitufe au sukuma mpini mpaka mwisho wake, ukiushikilia. Kwa wakati huo huo inua kompyuta kwa mikono miwili, kushoto na kulia sawasawa, moja kwa moja juu. Kama doki yako ni ya ubavuni, ivute sawasawa kwa mstari ulionyooka. Usiinamishe upande mmoja. Meno yaliyo ndani ni mengi na membamba, na ukiinamisha utayapinda. Mikono yako ikiwa haitoshi, mwombe mwenzako abonyeze, wewe uinue.

Nane. Ikiwa kitufe hakizami vizuri, chomoa waya ya umeme ya doki kutoka ukutani. Chukua brashi laini, kavu na safi. Fagia vumbi penye kitufe na pembezoni. Jaribu tena.

Tisa. Ikishindikana, usiendelee. Chukua kompyuta pamoja na doki yake, vikiwa vimeshikana hivyo hivyo, uvipeleke kwa fundi. Fundi akiviona vimeshikana ataona kilichozuia. Ukimpelekea kompyuta iliyovunjwa, ataona ulichovunja tu.

MSIFANYE HAYA

Msimimine mafuta. Najua katika baiskeli na mashine ya kusaga mafuta hulainisha. Lakini katika meno ya doki mafuta hushika vumbi, yakawa tope, na umeme haupiti vizuri.

Msitie bisibisi kati ya kompyuta na doki ili kuibandua. Bisibisi ni chuma, na chuma kikigusa meno mawili yenye umeme chaweza kuunguza kompyuta yote.

Msichomoe waya ya umeme wakati kompyuta inaandika, mkidhani kwamba ikikosa umeme italegea. Kulabu za doki nyingi haziendeshwi kwa umeme. Mtapoteza maandishi, na kompyuta itabaki imekwama pale pale.

Wala msimlaumu aliyeifunga kwa ufunguo. Alitunza mali ya watu. Lakini kila ofisi yafaa iandike karatasi fupi ibandikwe ukutani juu ya meza: "Doki hii ina kufuli. Ufunguo uko mahali fulani." Maneno hayo machache yangaliniokoa siku ile.

NENO LA MWISHO

Ndugu wanafunzi, mimi nina diploma ya chuo kikuu. Siku ile yote niliyosoma hayakunifaa, kwa sababu sikutazama. Aliyenifaa ni mama mwenye ndoo, mwanafunzi wa kitabu cha pili, aliyesimama, akatazama, akasoma picha mbili za kufuli na mstari mmoja. Kusoma si kutamka herufi tu. Ni kutulia mbele ya kitu na kukiuliza, "Umeandikwa nini? Unanionyesha nini?" Kabla hujatumia nguvu, soma.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza: haraka ya mtu mmoja yaweza kumla mwingine mwaka mzima. Yule mama wa makamo alifanya jaribio lake mwaka uliofuata, akashinda. Nilipopeleka majina safari ile, nilikuwa na nakala tatu. Moja ilikuwa katika kompyuta, moja katika flashi, na moja katika daftari, kwa kalamu ya wino. Jina lake aliliandika mwenyewe katika daftari, nami nikamwachia nafasi kubwa ya kutosha.

Kwa leo tukomee hapa. Juma lijalo, tukijaliwa, tutasoma risiti ya duka na kuihesabu. Kila mwanafunzi aje na risiti moja. Kwaherini.

MASWALI YA DARASANI

1. Doki ni nini? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Neno "doki" limetoka wapi?

3. Taja mambo matatu yanayoweza kuishika kompyuta isitoke dokini.

4. Kwa nini mwalimu alipoteza majina kumi na saba? Angefanya nini ili asiyapoteze?

5. Dereva hufanya mambo gani kabla ya kutenganisha kichwa cha lori na tela? Yapange kwa namba.

6. Chora kufuli mbili, moja imefungwa na moja iko wazi. Andika chini ya kila moja neno linaloifaa.

7. Zungumzeni: Ni kitu gani nyumbani kwako au kazini kwako kiliwahi kuvunjika kwa sababu mtu alivuta kabla ya kutazama? Andika habari zake kwa sentensi tano.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

doki, kulabu, kufuli, ufunguo, kitufe, flashi, nakala, ruhusa, hifadhi, zima, ngoja, tazama